Barua za Kazi Zisizoombwa

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani, Ringwani)



Nitasema juu ya barua za kazi ambazo kijana huandika bila kuona tangazo lolote. Humu wamo wenye mahoteli, wenye shule na wenye maduka. Barua hizo zinawafikia.

Nilipomaliza Chuo Kikuu niliandika kumi na saba, nikaenda Mugumu kuzitia posta. Nilijibiwa mbili. Zote zilisema hakuna nafasi, nami nilishukuru, maana huko niliacha kungojea.

Baadaye, nikiwa ofisa katika ofisi ambayo sitaitaja, tulisafisha masijala. Nyuma ya kabati tulikuta katoni ya barua za namna hiyo, mchwa wamekwisha anza kazi. Ndani ya moja mlikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti chenyewe, si nakala. Barua ilikuwa na umri wa miaka sita. Tulimtafuta mwenyewe kwa anwani ya shule yake ya msingi. Hatukumpata.

Serikalini, tangu Sekretarieti ya Ajira ianze kazi, nafasi hutangazwa na kushindaniwa, kwa hiyo barua kama hiyo haimpi mtu kazi. Lakini mistari mitatu ya kumwelekeza kwenye matangazo haimshindi karani yeyote.

Cheti halisi kirudishwe siku hiyohiyo. Ukitaka kuiweka barua, mwambie mwombaji, umtajie na muda. Mimi naona miezi sita yatosha. Iwe katika jalada moja, kabatini penye kufuli. Muda ukiisha, ichome. Niliwahi kununua karanga sokoni zimefungwa kwa barua ya maombi, yenye jina la binti, umri wake na jina la baba yake! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitaki taarifa za mtu zikae kupita haja yake.

Ziko na zile tunazopewa msibani, ndani ya bahasha ya kaki: "Mjomba, nisaidie." Hizo nazo ziingie masijala kama nyingine, zisilale mfukoni mwa koti. Ninayo moja niliyopewa jana usiku. Mwenyewe yuko hapa. Atajibiwa kabla ya mwezi kwisha.