GAUNI LA BIBI HARUSI LILILO TAYARI, SIKU ZIKIWA CHACHE

Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi ya wazee waliokuja wakitarajia darsa ya twahara au ya mirathi. Tutazungumza juu ya gauni la bibi harusi. Tena si lile la kushonesha kwa miezi, bali lile linalonunuliwa dukani likiwa tayari, siku zikiwa chache. Tunalizungumza msikitini, mbele ya wanaume, kwa kuwa sisi ndio mawalii, sisi ndio tunaotoa fedha, na mara nyingi sisi ndio tunaokubali nikaha iahirishwe kwa hoja ya nguo bila kuuliza swali hata moja.

Hali yenyewe mnaijua. Kijana yuko Maskati kikazi, amepewa likizo ya wiki tatu. Au umeingia mwezi wa Shaabani, na kila familia inataka kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani. Posa imejibiwa, mahari yametajwa, walii ameridhia. Kisha inasemwa ndani ya nyumba: fundi hawezi kumaliza, tusogeze mpaka baada ya Idi. Na baada ya Idi kijana amekwisharudi kazini, na likizo nyingine ni ya mwakani. Nguzo za nikaha katika madhehebu ya Imam Shafii ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Gauni halimo. Vipi basi jambo lisilo nguzo wala sharti limepewa uwezo wa kuzuia ndoa ya watu wawili kwa mwaka mzima?

Hatusemi kuwa bibi harusi asipambwe. Kupambwa kwake ni jambo lililojulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.). Lakini tazameni lilivyofanyika. Katika Sahihi ya Imam Bukhari, ndani ya kitabu cha Hiba, upo mlango unaohusu kumuazimia bibi harusi nguo. Amepokea humo kwa njia ya Ayman, ambaye aliingia kwa Bibi Aisha (R.A.) akamkuta amevaa vazi la qitri, nguo nzito ya kawaida, bei yake dirhamu tano. Dirhamu tano ni kama gramu 15 za fedha. Bibi Aisha akamuelekeza amtazame mjakazi wake, ambaye alikuwa akijiona mkubwa mno kwa nguo kama ile hata kuivaa ndani ya nyumba, na akaeleza kuwa katika zama za Mtume (S.A.W.) yeye alikuwa na vazi la namna hiyo hiyo, na wanawake wa Madina waliokuwa wakipambwa kwa ajili ya waume zao walikuwa wakituma kuliazima.

Zingatieni hapo. Vazi moja, lililokwisha kushonwa kwa mwili wa mtu mwingine, lilipita kwa mabibi harusi wa mji ule, nao ni wanawake wa kizazi bora cha umma huu. Hakuna aliyesema haliwezi kuvaliwa kwa kuwa limekwisha kuonekana. Na Bibi Aisha anahadithia haya akiwa tayari anaona mabadiliko: hata mjakazi amelidharau. Basi malalamiko yetu juu ya gharama za harusi si mapya.

Ama rangi, wapo wanaodhani kuwa bila nyeupe hakuna harusi. Nyeupe ni rangi iliyopendekezwa katika Sunna kwa nguo kwa ujumla, si kwa bibi harusi peke yake. Gauni hili jeupe lenye mkia limeenea duniani zaidi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa alipoolewa tarehe 10 Februari 1840; kabla yake mabibi harusi wa Ulaya walivaa rangi mbalimbali. Na hapa pwani bibi zetu walijulikana kwa kanga ya kisutu. Kwa hiyo likipatikana lenye rangi ya maziwa au kijani, likamkaa vizuri, lichukuliwe.

Sasa tuje kwenye kununua. Swali la kwanza si bei, bali ni nani atakayeliona gauni hilo. Magauni mengi ya madukani hayana mikono na shingo zake ni wazi. Baadhi ya wazazi hudhani kuwa lazima yote yashonwe upya, na hapo wiki nzima hupotea. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema uchi wa mwanamke mbele ya wanawake wenzake wa Kiislamu ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hiyo ikiwa shughuli ni ya wanawake watupu, milango imefungwa na hakuna anayepiga picha, gauni lile kwa asili yake si haramu, ingawa haya ni bora. Tatizo lipo njiani, garini, kwenye lango la ukumbi, na katika mikanda ya video inayotazamwa na kila shemeji. Njiani dawa yake ni joho pana la kuvaa juu, ambalo fundi hulishona kwa siku moja. Ama picha, ni kuzikataza. Mkishindwa kuzikataza, hapo ndipo fundi aongeze mikono na bitana, na kazi hiyo ihesabiwe katika siku zenu.

La pili ni vipimo. Haifai muuza duka mwanamume kumzungushia binti utepe wa kupimia. Mama au dada ampime nyumbani: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani hadi chini akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku ile. Nambari iliyoandikwa kwenye nguo msiitegemee. Namba 12 ya Uingereza ni kama namba 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na magauni ya harusi aghalabu huwa madogo kuliko nguo za kawaida zenye namba hiyo hiyo. Likiwa baina ya mawili, chukueni kubwa. Kupunguza ni kazi ya saa chache, lakini kuongeza kunategemea kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, na mara nyingi hakipo. Gauni linalofungwa kwa kamba mgongoni humsamehe mvaaji kuliko lenye zipu.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwani ndipo fedha zinapopotea. Nguo iliyo tayari ina faida kubwa katika fiqhi: mnauziana kitu kilichopo, kinachoonekana. Kuagiza nguo isiyokuwapo, kwa Mashafii, kunarejeshwa kwenye mlango wa salam, nao unataka sifa zijulikane, muda ujulikane na bei yote itolewe katika kikao cha makubaliano. Watu wetu huyaacha yote matatu, kisha wakagombana na fundi usiku wa kuamkia harusi. (Mafundi nao wana lawama yao, hilo tuliache kwa leo.)

Katika kununua kilicho tayari, sheria imempa mnunuzi khiyari. Ipo khiyari ya kikao, madamu hamjaachana na muuzaji. Ipo khiyari ya sharti, ambayo kwa Mashafii haizidi siku tatu: mwambieni muuzaji wazi kabla ya kulipa kuwa mnachukua kwa sharti la kurudisha ndani ya siku tatu likimkataa binti, na muandikiane kwenye risiti. Asipokubali, mmejua mapema. Na ipo khiyari ya kasoro. Lile tangazo la ukutani kuwa mali ikishauzwa hairudishwi haliifuti khiyari hii ikiwa gauni lilikuwa na doa, mshono uliofumuka au zipu iliyokufa kabla ya kuuzwa na mnunuzi hakujua. Lakini kasoro ikigundulika, irudishwe upesi. Kukaa nayo kimya ni kuridhia.

Na hili ndilo wengi hawalijui: gauni likishaingia mkasi wa fundi wenu, haki ya kulirudisha inaondoka, kwa kuwa mmeliongezea kasoro mpya mikononi mwenu. Kinachobaki ni kudai fidia ya kasoro ya zamani, na ni nani ataikimbilia siku nne kabla ya harusi? Kwa hiyo kagueni lote mchana, kwenye mwanga, ndani na nje, pindo hadi kwapani, binti alivae na akae kitini, ndipo fundi aitwe. Kama zimebaki siku 20, naona siku tano za kwanza zitoshe kununua na kukagua, na fundi aachiwe wiki mbili zilizobaki.

Duka likitaka arbuni ili likuwekeeni, fahamuni kuwa wanavyuoni wengi wa zamani waliikataa arbuni inayopotea, na Mahanbali wakaijuzisha. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah liliijuzisha mwaka 1993 kwa sharti la muda maalumu. Basi tarehe itajwe.

Na asiyeweza kununua, akodi au aazime, bila kuona aibu. Mmesikia habari ya Madina. Ila tofauti yake ni kubwa. Gauni la kukodi ni amana mikononi mwa mkodishwaji: likiharibika bila uzembe wake, hadaiwi. La kuazima, kwa Mashafii, lina dhamana: likipotea au likichanika kwenye mlango wa gari, muazimaji hulipa hata kama hakuzembea, isipokuwa kuchakaa kunakotokana na kule kuvaa alikoruhusiwa. Anayetuma mtoto kwa jirani kuchukua gauni la bure na amueleze mkewe hilo kabla gauni halijafika nyumbani.

Wallaahu a'alam.