Kabla Hujanunua Sabufa

Leo tuko dukani tunachagua sabufa.

Philips walileta kaseti mwaka 1963, CD zikaanza kuuzwa 1982, na leo kupata chombo cha kupigia kaseti ni kazi. Muziki umehamia kwenye flashi, memori kadi, bluetuthi na intaneti, wala hakuna ajuaye kipi kitadumu. Basi zile taa za kuwakawaka zisikupumbaze. Geuza sabufa, tazama nyuma: kuna matundu mekundu na meupe ya kuchomeka waya? Ulizia hayo kwanza, maana simu, deki ya zamani au chombo kitakachokuja kesho, karibu vyote huweza kuunganishwa hapo.

Halafu nenda na flashi yako mwenyewe. Tia nyimbo za MP3, na mmoja wa aina nyingine ya faili, M4A. Sabufa nyingi za bei nafuu huuruka huo wa pili kimya kimya. Muuzaji atakwambia flashi mbovu. Mara nyingi ni nzima kabisa.

Na wewe wa sola, uliza kama inapokea volti 12 moja kwa moja, bila inveta.