Mbwa Hatari: Aina Yake au Mwenye Mbwa?

Msikilizaji, tangu tarehe 1 Februari 2024, kufuga mbwa aina ya XL Bully huko England na Wales bila cheti cha msamaha ni kosa la jinai. Mwenye cheti naye ana masharti: mbwa afungwe kizazi, akatiwe bima, na akitolewa barabarani awe na kamba shingoni na kifunga mdomo.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Kwa sababu anayeumwa mara nyingi ni mtoto, tena na mbwa anayemfahamu.

Sasa, wanaounga mkono marufuku wana hoja nzito. Mbwa huyu ana misuli na taya za kutisha. Akikasirika mara moja tu, mtu anaweza kufa. Mzazi aliyezika mwanawe humwambii habari za takwimu.

Lakini tugeukie upande wa pili. Sheria hiyo hutazama umbo: dume huhesabiwa kuwa XL Bully kuanzia kimo cha sentimita 51 begani. Tabia je, inapimwa kwa rula? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, wa mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia.

Mimi naamini mbwa anayeshinda kwenye mnyororo, asiyefunzwa, ni hatari awe wa aina yoyote. Hata hivyo majeraha ya mbwa mwenye taya kubwa na ya mbwa mdogo hayalingani, na hapo ndipo ninaposita. Je, sheria imhukumu mbwa kwa umbo lake kabla hajauma, au imbane mwenye mbwa, na imbane lini?