Muhuri Bila Mtu: Wanaobuni, Wanaochora na Wanaowajibika katika Ofisi za Ubunifu Majengo na Usanifu Miji

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na maofisa wa halmashauri

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze watu wanaofanya kazi ndani ya ofisi ya ubunifu majengo na usanifu miji, majukumu yao na namna wanavyoshirikiana. Nitalifanya hilo kwa kifupi, maana wengi wenu mnaliishi kila siku. Sehemu kubwa ya muda nitaitumia kwenye jambo moja ambalo kila semina tunaligusa, tunatikisa vichwa, kisha tunakwenda kunywa chai: muhuri wa mtaalamu kutembea peke yake, mwenyewe akiwa hana habari na jengo lenyewe.

Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu. Si msimamo wa bodi yoyote wala wa mwajiri wangu. Katika mifano ya kazini sitataja ofisi, halmashauri wala mtu, na ninaomba wachangiaji nao wafanye hivyo.

2. Istilahi kwa kifupi

Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wanatambuliwa, hapa Tanzania, na Sheria yao ya Usajili ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya 1997. Mhandisi ana bodi yake na mkandarasi ana yake, zote kwa sheria za 1997. Mtaalamu wa mipangomiji anasajiliwa kwa sheria ya 2007. Msanifu miji anafanya kazi katikati: mpangaji anagawa ardhi, mbunifu anabuni jengo ndani ya kiwanja, naye anashughulikia kilichobaki baina ya majengo, yaani njia, mfereji, kivuli, baraza na kituo cha daladala. Haya tunayajua, tuendelee.

3. Watu walio ndani ya ofisi

Tukizungumzia watu walio nyuma ya jengo, mara nyingi tunamtaja mmoja. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, ni la Beda Amuli, mtoto wa nchi hii aliyesomea Technion, Haifa. Kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni la Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam. Kampasi yenyewe ya chuo tunasema ni ya Norman and Dawbarn wa London. Ni haki kuwataja. Lakini ile miavuli ya zege ya Kariakoo, inayokinga mvua na kuteremsha maji chini, haikusimama kwa mkono wa mtu mmoja. Kuna aliyepiga hesabu ya uzito, kuna aliyechora kipimo cha kila mkunjo, kuna aliyekata mbao za kumwagia zege, na kuna aliyesimama pale zege likimwagwa ili nondo zisisogee.

Ofisi ya leo haina tofauti kubwa. Yupo mbunifu mwenye usajili. Wapo wahitimu walio katika mafunzo kwa vitendo wakisubiri mtihani wa bodi. Wapo mafundi sanifu na wachoraji, ambao ndio hasa wanaokesha na kompyuta. Yupo mkadiriaji, wa kudumu au wa kuitwa. Yupo dada wa mapokezi, anayefuatilia wateja wasiolipa kwa upole ambao sisi hatuna. Yupo dereva anayezijua saiti zote, na wakati mwingine ndiye wa kwanza kugundua kwamba ukuta umepanda mahali pasipo na ukuta kwenye michoro.

Sasa angalieni pembe ya chini kulia ya karatasi yoyote ya michoro. Pana kisanduku. Ndani yake pana mistari mitatu: imechorwa na nani, imehakikiwa na nani, imeidhinishwa na nani. Kisanduku hicho kiliwekwa ili karatasi moja ipite kwenye macho matatu. Anayechora huzoea kosa lake hadi asilione, ndiyo maana wa pili anahakiki. Wa pili huangalia vipimo tu, ndiyo maana wa tatu anauliza kama jengo lenyewe lina akili. Chukueni michoro kumi inayoingia kaunta ya vibali vya ujenzi wiki hii, msome mistari hiyo mitatu. Mtakuta mingi iko wazi. Mingine ina herufi zilezile mara tatu, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Juu yake umegongwa muhuri, mwekundu na safi kabisa.

4. Tatizo lenyewe

Mtaani lina jina: kukodisha muhuri. Utaratibu wake ni mwepisi. Mwenye kiwanja anakwenda kwa mchoraji, pengine kijana mwenye kompyuta moja pembeni ya duka la fotokopi. Anachorewa ramani, au anachaguliwa iliyokwisha kuchorwa kwa mtu mwingine. Halmashauri inataka muhuri wa mbunifu na wa mhandisi. Kijana anapiga simu: "Kaka, nigongee hii, mteja anasubiri." Hela ya muhuri inatumwa kwa simu, karatasi zinakwenda na bodaboda, zinarudi jioni zimegongwa. Aliyegonga hajaona kiwanja, hajaona udongo, hajamwona mteja. Siku hizi hata bodaboda haihitajiki: muhuri umepigwa picha na kubandikwa kwenye faili, na maombi yanapitia kwenye mfumo wa kielektroniki.

Niwape mfano mmoja. Nilipokuwa nasaidia kukagua maombi ya vibali, ililetwa michoro ya nyumba ya ghorofa kwa ajili ya mji wa Njombe. Madirisha yalikuwa mapana kutoka sakafuni, yametazamana, ya kuvuta upepo wa bahari. Wanaoijua Njombe mwezi wa Julai watanielewa. Ngazi ilipanda kutoka sebuleni na kutokea ndani ya bafu la ghorofa ya kwanza. Nikampigia mwenye muhuri, mtu mzima ninayemheshimu. Nikamwuliza kuhusu ngazi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Samahani mwenzangu, hiyo nyumba iko wilaya gani?"

Nilirudisha michoro ile na maelezo ya maandishi. Ikarejea ngazi ikiwa imesogezwa, madirisha yakiwa yaleyale, na muhuri uleule. Niliandika taarifa kwa wahusika. Taarifa ilipokelewa, ikapewa namba ya jalada. Hadi leo namba ninayo.

Wapo watakaosema hilo ni tatizo la nyumba za watu binafsi na halina uzito. Sikubaliani. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, wakafa zaidi ya watu 20. Nitahadhari hapa: sisemi kwamba majengo hayo yaliangushwa na muhuri wa kukodisha. Sababu ni kazi ya tume na mahakama. Ninachosema ni kwamba jengo likianguka, swali la kwanza ni nani alichora, nani alipiga hesabu, na nani alikuwa saiti. Jibu linapaswa kuwa ndani ya jalada siku hiyohiyo. Muhuri uliokodishwa unafuta jibu hilo kabla jengo halijaanza kujengwa.

Na mji nao unaumia kimyakimya. Tembeeni Kariakoo kwa miguu kutoka kona moja hadi nyingine. Kila jengo limeinua baraza lake kwa kimo chake: hili hatua mbili, lile hatua tano, linalofuata limeteremka kuingia chini ya ardhi. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi anashuka barabarani katikati ya mikokoteni na pikipiki, kwa sababu njia ya miguu imekatwakatwa. Mvua ikinyesha, maji ya baraza la juu yanaingia duka la jirani. Mchoro wa kila jengo kati ya hayo unaonyesha kiwanja kimoja kikielea kwenye karatasi nyeupe, hakuna jirani, hakuna mfereji, hakuna kimo cha barabara. Mtu aliyefika kwenye kiwanja angeviona vitu hivyo kwa dakika tano. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye sensa ya 2022. Tunajenga mji wa ukubwa huo kwa karatasi zilizochorwa na watu wasiotoka nje.

5. Kwa nini linaendelea

Kwanza ni ada. Mteja analipia karatasi, halipii usimamizi. Anaona ramani ndiyo kazi, na kibali kikitoka anaona mbunifu amemaliza. Anamkabidhi fundi Maiko, yaani fundi wa kubahatisha, na mabadiliko yote yanafanyika hapo bila mchoro. Mbunifu aliyelipwa kidogo kwa karatasi naye anaona hela ya muhuri ni ileile, bila jasho.

Pili ni ukaguzi unaotafuta muhuri badala ya mtu. Ofisa wa vibali ana rundo mezani, gari halina mafuta, na mkubwa wake anauliza vibali vingapi vimetoka mwezi huu. Simlaumu. Orodha yake ya ukaguzi inauliza kama muhuri upo, haiulizi kama mwenye muhuri amefika.

Tatu ni mtawanyiko. Ofisi nyingi zenye usajili ziko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza. Mtu wa Tunduru au Kibondo akifuata sheria neno kwa neno, nauli ya mbunifu inaweza kuikaribia ada yenyewe.

Nne, na hili linaniudhi zaidi, ni wahitimu wetu. Tangu enzi za Chuo cha Ardhi, kilichokuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1996 na chuo kikuu kamili mwaka 2007, tumefundisha vijana wengi na wazuri. Wakitoka hawapati ofisi ya kuwapokea kwa mafunzo. Wanachora mtaani bila jina, na kazi yao inabeba jina la mtu mwingine. Yule kijana wa pembeni ya duka la fotokopi mara nyingi ni mwanafunzi wetu. Tunamwita kishoka, lakini muhuri tunampa sisi.

Tano ni aibu yetu wenyewe. Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha vya kutosha. Mwenzetu akishitakiwa kwenye bodi, tunanong'ona kwamba ameonewa.

6. Mapendekezo

(a) Mistari mitatu ya kisanduku cha michoro ijazwe majina kamili ya watu watatu, au wawili kwa ofisi ndogo, na kila mmoja asaini. Michoro yenye herufi peke yake isipokelewe.

(b) Jina la fundi sanifu au mhitimu aliyechora liandikwe. Kumtaja hakumpunguzii mbunifu wajibu. Kunampa kijana ushahidi wa kazi yake anapoomba usajili.

(c) Maombi ya kibali yaambatane na taarifa ya ukurasa mmoja ya kutembelea kiwanja: tarehe, picha, hali ya udongo, na jina la aliyefika.

(d) Kila mchoro wa kiwanja uonyeshe majirani wa pande zote, kimo cha barabara, mfereji na kimo cha baraza la jengo lililo jirani.

(e) Halmashauri ziweke kimo kimoja cha njia ya miguu kwa kila mtaa wa biashara, na msanifu miji ahusishwe kukipanga.

(f) Mfumo wa kielektroniki umtumie mwenye muhuri ujumbe wa simu kila muhuri wake unapotumika, naye athibitishe kabla maombi hayajasonga mbele.

(g) Bodi zitoe kwa umma idadi ya miradi inayobeba muhuri wa kila mtaalamu kwa mwaka. Mtu mwenye miradi mingi kuliko siku za mwaka aeleze anavyoweza.

(h) Mkataba wa ubunifu usitenganishwe na usimamizi kwa majengo ya ghorofa. Anayechora asimamie, au amtaje kwa maandishi atakayesimamia.

(i) Bango la mradi libebe jina na namba ya simu ya mtu anayesimamia, zaidi ya jina la kampuni, na namba hiyo iwe inapokelewa.

(j) Kila ofisi yenye usajili ipokee angalau mhitimu mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na ofisi zinazofanya hivyo zipewe nafuu ya ada ya mwaka.

(k) Halmashauri za pembezoni ziruhusiwe kuajiri mbunifu mmoja kwa pamoja, wilaya mbili au tatu, kwa majengo madogo ya wananchi.

(l) Ziandaliwe ramani za mfano kwa nyumba ndogo, zikizingatia hali ya hewa ya kila kanda, ili wa Njombe asijengewe nyumba ya Mikocheni, Dar es Salaam.

(m) Ofisa wa vibali awezeshwe usafiri. Ukaguzi bila gari ni ukaguzi wa karatasi.

(n) Malalamiko dhidi ya mwanataaluma yajibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Kupewa namba ya jalada si jibu.

(o) Nimeshalisema kwenye (c), nalirudia kwa makusudi: asiyefika kwenye kiwanja asigonge muhuri.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, sidhani kama kuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya ili lianze. Mapendekezo (a), (b), (c) na (d) yanaweza kuanza Jumatatu kwa tangazo la ukurasa mmoja kwenye kaunta ya vibali. Mengine yanahitaji bajeti, na ninajua bajeti inavyokwenda. Nawaomba maofisa wa halmashauri mliopo mkirudi vituoni mchague moja tu mlitekeleze kabla ya mwisho wa robo hii ya mwaka, na sekretarieti iandike nani amechagua lipi, ili semina ijayo ianze kwa kuuliza hilo badala ya kunialika tena niyasome haya.