Taarifa kwa wanachama: kodi ya miavuli ya tawi



Miavuli tuliyoagiza mtandaoni kutoka China imefika Dar es Salaam, ila haijatoka forodhani. Tulipowachangisha tulihesabu bei sh. 320,000, usafirishaji na bima sh. 80,000, tukaishia hapo. Kodi tuliisahau. Kosa ni letu viongozi.

Hesabu iko hivi. Ushuru wa forodha, asilimia 25, hutozwa kwenye bei, usafirishaji na bima kwa pamoja: sh. 400,000 inazaa sh. 100,000. VAT ya asilimia 18 hutozwa baada ya kujumlisha ushuru huo: sh. 500,000 inazaa sh. 90,000. Jumla sh. 190,000, mbali na tozo ndogo ndogo.

Mfuko wa misiba hatutaugusa. Jumamosi saa 10 jioni tukutane ofisini tuamue: tuchange tena, au tuiache. Tusichelewe, mzigo ukikaa ghalani nao hulipiwa.

Tukikubaliana, tutalipa kwa namba ya malipo ya TRA pekee. Akikupigia mtu akitaka utume "hela ya forodha" kwenye simu yake, usitume. Stakabadhi tutaileta hapa hapa mwione.

Katibu wa Tawi,
Babati Mjini