Vibendera vya Kontena: Ununuzi wa Vifaa vya Sherehe za Uhuru

(Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maafisa ununuzi na wajumbe wa kamati za maandalizi ya sherehe za kitaifa, Dodoma)

Utangulizi

Nimepewa dakika 20 na kichwa cha mada ambacho sikukichagua: uzalendo katika ununuzi wa umma. Nitajitahidi. Nitangulize kusema kwamba maoni haya ni yangu binafsi, si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

Maana ya maneno

Ununuzi wa umma mnaujua; Sheria Na. 10 ya mwaka 2023 mnayo kwenye simu, na mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, NeST, mnaufungua kila asubuhi. Bidhaa ya ndani ni ile iliyolimwa, iliyotengenezwa au iliyoongezwa thamani hapa nchini. Uzalendo kila mtu anao wake. Tuendelee.

Tatizo lenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea maboksi ya vibendera vya mkononi, siku 3 kabla ya 9 Desemba. Bendera rasmi za milingoti tulikuwa tumeshazichukua kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Hivi vilikuwa vya wanafunzi kupunga barabarani. Kitambaa cha nailoni, kijiti cha plastiki. Mtunza stoo akakitoa kimoja, akakitazama, akanipa bila kusema neno. Bluu ilikuwa juu karibu na kijiti, kijani chini. Nikakipindua. Kijani kikapanda mahali pake, lakini sasa kijiti kikawa upande wa pili. Aliyevishona huko ng'ambo, ambaye simlaumu kwa kutoijua bendera yetu, alikuwa ameweka kijiti upande usio wake, kwenye mzigo wote. Tulikesha watu wanne tukichomoa vijiti na kuvibandika upya kwa gundi.

Wengi wakisikia kisa hiki hutaka kumlaumu mzabuni. Mimi nilirudi kwenye jalada. Ombi la matumizi lilifika mezani kwangu tarehe 24 Novemba. Sherehe yenyewe tarehe yake inajulikana tangu mwaka 1961. Kwa muda ule, mtu pekee aliyeweza kunihudumia ni mwenye mzigo uliokwisha kushushwa bandarini, uliolala kwenye ghala la Kariakoo. Nilinunua nilichokikuta.

Kuagiza mapema ndilo jambo ninalopigania kila mwaka, na kila mwaka naambiwa litafanyiwa kazi. Tunanunua vya nje kwa sababu tumechelewa. Kuvipenda ni sababu ndogo sana. Kiwanda cha nguo hakifanyi kazi kama duka. Mchoro lazima uidhinishwe, kila rangi iwe na skrini yake, kitambaa ghafi kipatikane, ndipo mtambo uwashwe, na hauwashwi kwa majora mawili. Kisha kuchapa, kukausha, kukata, kushona. Kazi hiyo haipungui mwezi, na hapo umeme haujakatika. Kamati inayokaa kikao cha kwanza Novemba imekwisha kuamua kununua bidhaa ya nje, hata kama kumbukumbu za kikao zimejaa neno "uzalendo".

La kuumiza zaidi ni kibali cha ununuzi wa dharura. Nimewahi kuandaa maombi ya ununuzi wa dharura kwa ajili ya Sikukuu ya Uhuru. Mafuriko ni dharura. Daraja likikatika ni dharura. Uhuru nao!

Sisemi hivi kwa chuki na nchi yoyote. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kanga zenyewe, kabla ya viwanda vyetu, zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, na bibi zetu walizivaa wakapendeza. Hoja yangu ni kwamba leo tunalima pamba Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa marobota, haijasokotwa, halafu Desemba tunaagiza fulana za poliesta zilizoandikwa "Uhuru" kifuani. Sera za kulinda viwanda zipo. Kwa miaka mingi kanga, vikoi na vitenge vimekuwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa ushuru wa 50%. Ushuru huo haukisaidii kiwanda ambacho hakuna aliyekiuliza bei mapema.

Kuna pia lile tengeo la 30% ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu. Nia yake njema. Lakini kikundi cha akina mama chenye vyerehani 6 kikipewa oda ya fulana 800 kwa siku 5, kitafanya nini? Kitakwenda Kariakoo kama mimi. Kwenye taarifa tutaandika kwamba vikundi vimewezeshwa, na vyerehani vitabaki vimefunikwa vitambaa.

Viwanda navyo vina hofu yao, na ni ya haki. Mwaka 2015 tangazo la kugeuza 9 Desemba kuwa siku ya usafi lilitoka Novemba. Mwaka 2022 sherehe zilifutwa, fedha zikaelekezwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sina neno na maamuzi hayo. Ila aliyekwisha kuchapa kanga yenye mwaka pembeni, akaiuze wapi?

Mapendekezo

Kwanza, vifaa vya sherehe viingizwe kwenye Mpango wa Ununuzi wa Mwaka mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai, vikiwa na kasma yake. Pili, oda itoke kabla ya Septemba kwisha. Tatu, kanga na vitenge visichapwe mwaka. "Uhuru na Umoja" ipo kwenye nembo ya Taifa. Kanga yenye jina hilo itavaliwa Desemba, itavaliwa 26 Aprili kwenye Muungano, na ikibaki itauzika. Nne, kikundi kipewe mkataba wa kushona, na kitambaa kiagizwe kiwandani kwa jina la taasisi. Tano, vigezo vitaje pamba, uzito wa kitambaa na rangi, badala ya "fulana nzuri zenye ubora", maneno niliyoyasoma kwa macho yangu. Sita, sampuli ikaguliwe kabla ya mzigo kupokelewa, pamoja na upande wa kijiti. Saba, ofisi za mkoa mmoja ziunganishe mahitaji yao ili majora yafikie kiwango cha kuwasha mtambo. Nane, vibendera vya nguo vikusanywe baada ya sherehe, vifuliwe na kutunzwa stoo. Tisa, ununuzi wa dharura usikubaliwe kwa sikukuu yenye tarehe maalumu. Kumi, na najua nimeshalisema: oda itoke kabla ya Septemba kwisha.

Ndugu Mwenyekiti, waandaaji wasinikasirikie. Mkoba mlionipa mlangoni nimesoma lebo yake, na inasema umetengenezwa ng'ambo. Fomu za kukadiria mita za kitambaa nimeziacha mezani karibu na mlango. Naomba kila kamati ichukue moja na kuijaza kabla ya chai.