Nani Analipwa Kwanza? Mwekezaji Mdogo na Hisa za Mtandaoni



Sheria za kuchangisha mtaji mtandaoni humlinda mwekezaji mdogo siku anaponunua hisa, kisha humwacha ajitafutie njia. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Nianzie Marekani. Tangu sheria ya dhamana ya mwaka 1933, mwenye karakana au mgahawa hakuweza kuwatangazia watu wa kawaida hisa zake bila kusajili toleo zima, isipokuwa kwa misamaha michache. Ada za mawakili na wakaguzi zingemmaliza kabla hajapata huo mtaji. Aprili 2012 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya JOBS iliyolegeza masharti hayo, na Mei 2016 kanuni zake za uchangishaji zikaanza kufanya kazi. Leo kampuni ndogo inaweza kukusanya hadi dola milioni 5 katika miezi 12, mradi ipitie jukwaa lililosajiliwa na tume ya dhamana, SEC. Asiye tajiri ana kikomo cha kuwekeza kulingana na kipato na mali yake. Anaweza pia kughairi hadi saa 48 kabla ya dirisha la mauzo kufungwa.

Kanuni ninayoiheshimu kuliko zote ni ya fedha zenyewe: haziendi kwa kampuni wala hazikai kwa jukwaa. Hushikwa na benki au taasisi nyingine inayokubalika hadi lengo litimie. Lisipotimia, kila mtu anarudishiwa chake. Sisi tulioona mpango wa upatu wa DECI ukifungwa Tanzania mwaka 2009, watu wakiwa wamekwisha "kupanda mbegu", yaani kutoa fedha zao, hatuhitaji kuelezwa umuhimu wa kanuni hiyo.

Ila tazameni kinachofuata. Thamani ya kampuni hupangwa na mwenye kampuni. SEC haiidhinishi bei. Ukishanunua, kwa kawaida huruhusiwi kuuza kwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha mara nyingi mnunuzi hayupo. Kampuni hutakiwa kutoa ripoti ya mwaka ndani ya siku 120 baada ya mwaka wake wa fedha kwisha, lakini ikishatoa moja tu, na wenye hisa walioandikishwa wakiwa pungufu ya 300, inaweza kunyamaza kihalali. Utabaki na hisa usizoweza kuziuza, za kampuni usiyosikia habari zake.

Chukueni mfano wa BrewDog, watengenezaji wa bia wa Scotland. Hawa hawakuanza chini ya kanuni hizo za Marekani. Walianza mwaka 2009 kuwauzia wateja wao hisa moja kwa moja, wakakusanya makumi ya mamilioni ya pauni. Mwaka 2017 iliingia kampuni ya uwekezaji ya Marekani, TSG, ikapewa hisa za upendeleo zinazolimbikiza asilimia 18 kwa mwaka. Maana yake, kampuni ingeuzwa, TSG ingechukua kwanza mtaji wa hisa hizo pamoja na malimbikizo yake, ndipo wengine wagawane kilichobaki. Kwa asilimia 18, dai la namna hiyo huwa maradufu katika miaka minne na ushei. Sizungumzii wizi hapa. Mpango huo ni halali kabisa, na ndiyo maana kikomo cha kuwekeza hakiugusi.

Kwetu Afrika, Kenya ilitunga kanuni zake za uchangishaji wa mtandaoni mwaka 2022. Nigeria iliitangulia mwaka 2021. Ningependa mamlaka za masoko ya mitaji za Nairobi na Dar es Salaam zidai ukurasa mmoja, wa Kiswahili, unaoonyesha kwa tarakimu nani atalipwa kwanza kampuni ikiuzwa kwa nusu ya bei ya leo, kwa bei ya leo, na kwa maradufu yake. Akija mwekezaji mpya anayetaka kutangulia, ukurasa uandikwe upya na wenye hisa wadogo wapige kura wakiwa kundi moja kabla hajasaini.

Wenye kampuni watasema hilo litamkimbiza mwekezaji mkubwa. Sidhani. Yeye mwenyewe hatoi shilingi bila kuandikiwa kinga dhidi ya watakaokuja nyuma yake. Na gharama ya kuandaa ukurasa huo ibebwe na jukwaa, ambalo lilikwisha kukata kamisheni yake siku ile mtaji ulipotimia.